Barua za Homa ya Manjano

Mtu yeyote aliyepata kusafiri nje ya nchi anaifahamu ile kadi ya manjano inayothibitisha kwamba mwenyewe amechanjwa homa ya manjano. Mimi yangu niliifuata asubuhi moja katika kituo cha chanjo kwenye mji mmoja wa pwani. Mlangoni nilimkuta kijana nadhifu, bahasha kwapani, akaninong'oneza: "Shikamoo mzee. Unataka sindano au unataka muhuri tu?" Nikamwuliza tofauti ya bei. Muhuri mtupu ulikuwa ghali kuliko sindano kwa sababu, kama alivyonifafanulia kwa upole kabisa, muhuri hauumi.

Nikamshukuru, nikaingia ndani kuketi kwenye benchi. Mhudumu akatueleza kwamba kichupa kimoja cha dawa kinatosha watu kumi, na kikishafunguliwa hakilali, lazima kiishe katika saa chache. Kwa hiyo hatakifungua mpaka tutimie kumi. Tulikuwa wanne.

Katika kungoja huko nikazikumbuka barua ambazo nimekuwa nikizisoma kwa muda sasa. Ni barua za madaktari na askari wa Kimarekani waliokuwa Cuba mwaka 1900, pamoja na za wake zao, na nyingine za miaka mingi baadaye zilizoandikwa na wazee waliosalia. Maelfu ya karatasi hizo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Virginia, na siku hizi mtu anaweza kuzisoma akiwa mbali. Vitabu vya shule hutupa kisa hiki kwa mstari mmoja tu: Walter Reed aligundua kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Ukizisoma barua utaona kwamba mstari huo umewaacha watu wengi nje ya mlango.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Homa ya manjano si malaria, ingawa zote mbili huletwa na mbu. Mgonjwa hushikwa na homa, kichwa na mgongo vikamuuma, kisha siku ya tatu au ya nne hupata nafuu, jamaa wakaanza kushukuru. Wengi hupona hapo. Wengine homa huwarudia kwa ukali, ini likaharibika, macho na ngozi vikageuka manjano, damu ikatoka puani na kwenye fizi, na mgonjwa akatapika vitu vyeusi kama masimbi ya kahawa. Waspanyola waliuita kwa jina hilo hilo, matapishi meusi. Asili yake ni Afrika. Ulivuka bahari ya Atlantiki katika majahazi ya watumwa, mbu wakizaliana ndani ya mapipa ya maji ya kunywa. Mwaka 1793 uliuvamia mji wa Philadelphia, uliokuwa makao makuu ya Marekani, ukaua watu wapatao 5,000 katika miezi michache, na serikali yenyewe ikahama.

Kwa muda wote huo hakuna aliyejua unavyoenea. Wengi waliamini unakaa katika nguo, mashuka na uchafu wa wagonjwa, kwa hiyo popote ulipoingia, watu walichoma magodoro ya maiti na kunyunyizia dawa barua za posta. Marekani ilipoiteka Cuba kutoka kwa Waspanyola katika vita vya mwaka 1898, wakuu wa jeshi waliagiza Havana isafishwe. Mitaa ilifagiliwa, mifereji ikazibuliwa, mji ukang'aa. Mwaka 1900 homa ya manjano ikapanda badala ya kushuka.

Ndipo jeshi likaunda tume ya madaktari wanne: Meja Walter Reed akiwa mwenyekiti, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte, ambaye alikuwa mzaliwa wa Cuba.

Jawabu, hata hivyo, lilikuwa tayari Havana likiwangoja. Tangu mwaka 1881 daktari mmoja wa mji huo, Carlos Juan Finlay, alikuwa amesema mbele ya wasomi wenzake kwamba ugonjwa huu huchukuliwa na mbu, tena si mbu yeyote bali yule mdogo mwenye mapete meupe miguuni, anayependa kukaa majumbani na kutaga katika maji safi ya mitungi na mapipa. Sisi wa mijini tunamjua, ndiye huyo huyo anayetuletea dengi. Walimsikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Miaka karibu ishirini alirudia neno lilo hilo, na wengine wakamfanyia mzaha. Kosa la Finlay lilikuwa moja tu, nalo halikuwa la akili bali la subira. Alipomchukua mbu aliyemnyonya mgonjwa na kumweka juu ya mtu mzima, alifanya hivyo baada ya siku chache mno. Mbu huyo huhitaji kama siku 12 kabla hajaweza kuambukiza, na mgonjwa mwenyewe humpa mbu vijidudu katika siku zake tatu za mwanzo tu. Anayewahi hukosa, na anayechelewa hukosa vile vile.

Aliyeligundua pengo hilo la siku ni daktari mwingine wa Kimarekani, Henry Carter, ambaye mwaka 1898 katika vijiji viwili vya jimbo la Mississippi alihesabu kwa makini nani aliugua lini. Aliona kwamba kati ya mgonjwa wa kwanza wa nyumba na wale waliofuata zilipita wiki mbili au zaidi. Ilikuwa kama ugonjwa unangoja kitu kiive. Finlay aliwapa wageni wale mayai ya mbu wake, Carter akawapa hesabu yake ya siku.

Sasa tufike kwa Lazear. Alikuwa na umri wa miaka 34, na ndiye pekee katika tume aliyekuwa na uzoefu wa kuwachunguza mbu. Mkewe, Mabel, alikuwa amerudi Marekani kujifungua mtoto wao wa pili, kwa hiyo Lazear akawa anamwandikia. Barua zake ni za mtu wa kawaida: joto, chakula, hamu ya kuwaona watoto. Lakini ile ya tarehe 8 Septemba 1900 ina maneno mengine. Anamwambia mkewe kwamba anadhani yuko katika nyayo za kijidudu chenyewe, lakini asimwambie mtu, hata kwa fumbo, kwani yeye mwenyewe hajamdokezea yeyote.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Tarehe 27 Agosti, Carroll alikuwa amekubali kuumwa na mmoja wa mbu wa Lazear, aliyekuwa amemnyonya mgonjwa siku 12 kabla. Baada ya siku chache Carroll alikuwa kitandani baina ya uhai na mauti. Kisha askari mmoja, William Dean, akaumwa naye akaugua. Wote wawili walipona. Katikati ya Septemba Lazear mwenyewe akaumwa. Taarifa rasmi ilisema ni ajali: alikuwa wodini akiwalisha mbu damu za wagonjwa, mbu mwingine akatua mkononi, naye akamwacha anyonye. Wanahistoria wengi wanashuku kwamba alijijaribu kwa makusudi, na kwamba kisa cha ajali kilitungwa ili kumhifadhi. Tarehe 25 Septemba 1900 alifariki. Yule mtoto wake wa pili hakumwona kamwe.

Na Walter Reed alikuwa wapi? Alikuwa Washington, akikamilisha ripoti nyingine kuhusu homa ya matumbo. Tangu mwanzoni mwa Agosti hadi mapema Oktoba, wakati wenzake wanaumwa na mbu na kuugua, mwenyekiti hakuwapo Cuba. Simsemi kwa ubaya, ndivyo alivyoagizwa. Lakini sanamu haisemi hivyo, barua ndiyo inayosema. Alipopata habari kwamba Carroll anapata nafuu alimwandikia kwa furaha kama ya mtoto, akimshukuru Mungu, na barua ilipokwisha kufungwa akaongeza swali nyuma ya bahasha: je, ni mbu aliyefanya hivi? Mimi swali hilo limenikaa kuliko ripoti zote za tume. Hapo kuna rafiki aliyeogopa kufiwa, na kuna mtaalamu ambaye hawezi kujizuia, wote katika bahasha moja.

Reed aliporudi alichukua maandishi ya Lazear, akaandika taarifa ya kwanza, na kuisoma mjini Indianapolis tarehe 23 Oktoba 1900. Siku chache baadaye gazeti moja la Washington likaicheka, likasema hadithi hii ya mbu ni upuuzi mtupu. Basi Reed akaona kwamba lazima afanye majaribio ambayo hata mwandishi wa gazeti hataweza kuyacheka.

Nje kidogo ya Havana ikajengwa kambi, ikapewa jina la Lazear. Ndani yake zilijengwa nyumba mbili za mbao. Ya kwanza haikuwa na mbu hata mmoja, lakini ilijazwa mashuka, mito na nguo zilizochafuliwa kwa matapishi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa, na ikawashwa jiko ili iwe na joto. Daktari kijana, Robert Cooke, na askari wawili waliingia humo jioni, wakafungua masanduku ya nguo hizo, wakatoka mbio wakishika pua. Kisha wakarudi, wakatandika, wakalala. Walilala humo usiku 20. Hawakuugua. Imani ya karne nyingi, iliyoteketeza mali za maskini katika kila bandari, ikafa ndani ya kibanda hicho.

Nyumba ya pili ilikuwa safi kabisa, imegawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja waliachiwa mbu walionyonya wagonjwa, akaingia kijana mmoja, John Moran, akajilaza wamuume. Upande wa pili walikaa watu wengine, hewa ile ile, bila mbu. Moran aliugua siku ya Krismasi. Wenziwe wa ng'ambo ya wavu hawakupata hata mafua. Kabla yake askari John Kissinger alikuwa ameumwa tarehe 5 Desemba na kuugua baada ya siku tatu.

Hawa wawili ni mashujaa wa vitabu. Lakini katika sanduku lile kuna karatasi nyingine, na hapa naomba tukae kidogo. Ni mkataba wa tarehe 26 Novemba 1900, kwa Kispanyola na Kiingereza, kati ya Walter Reed na mtu aitwaye Antonio Benigno. Benigno alikuwa mmoja wa vijana wa Kispanyola waliokuwa wameingia Cuba karibuni kutafuta vibarua. Mkataba unasema ana zaidi ya miaka 25, ni mwenyeji wa Cerceda katika jimbo la Coruña, mwana wa Manuel Benigno na Josefa Castro. Anakubali kwa hiari yake kufanyiwa majaribio. Anaelewa kwamba akiugua, uhai wake utakuwa hatarini kwa kiasi fulani. Lakini kwa kuwa hawezi kabisa kuukwepa ugonjwa akiwa kisiwani, anaona heri auchukue kwa makusudi huku ameahidiwa matibabu bora. Atalipwa dola 100 za dhahabu. Akiugua, atalipwa dola 100 nyingine. Akifa, fedha hizo atapewa mtu atakayemtaja. Akitoroka kambini, amezipoteza.

Wataalamu wa leo huusifu mkataba huu, wakisema ni miongoni mwa mikataba ya kwanza duniani kumweleza mtu hatari za majaribio kabla hajatia saini, na ni kweli. Madaktari wengine wa enzi hiyo walikuwa wakiwadunga wagonjwa na yatima bila kuuliza. Lakini usome tena kwa macho ya kibarua. "Kwa kiasi fulani" ni maneno laini mno kwa ugonjwa uliokwisha kumuua mwanatume mwenyewe miezi miwili nyuma. Na mtu aliyevuka bahari kutafuta riziki, ukimwekea dola 200 za dhahabu mezani, hiari yake ina uzito gani? Silipi jibu swali hili, kwani naona halina jibu jepesi. Benigno aliumwa, akaugua, akapona.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mwanzoni Waspanyola wale waliwadharau mbu, wakasema ni vijidudu vidogo visivyodhuru, vinavyozunguka mezani tu. Walipoona wenzao wanabebwa kwenda wodini mmoja baada ya mwingine, baadhi yao walifunga virago wakaondoka na dhahabu wakaiacha. Reed aliwasimulia kwa mzaha, akasema walipoteza ghafla hamu ya maendeleo ya sayansi. Kisha akaongeza, na hapa nampa heshima yake, kwamba alisikitika kuwakosa lakini hakuweza kukana kwamba walitumia busara.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1900, saa sita ikikaribia, Reed alikaa akamwandikia mkewe, Emilie. Alimwambia kwamba kwa miaka 20 amekuwa akiomba dua apewe nafasi ya kufanya jambo la kupunguza mateso ya binadamu, na sasa ameitikiwa. Karne ilikuwa inageuka na yeye akiwa macho, kitabu cha zamani cha homa ya manjano mbele yake. Hakukaa sana na furaha hiyo. Alifariki Novemba 1902 kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Carroll akamfuata mwaka 1907, moyo wake ukiwa haujapona tangu homa ile.

Yaliyofuata yanajulikana. William Gorgas, daktari wa jeshi aliyekuwa mkuu wa afya mjini Havana, aliacha kufukuzana na mashuka akaanza kufukuzana na mapipa: kila chombo cha maji kifunikwe au kitiwe mafuta ya taa, kila mgonjwa awekewe wavu. Katika mwaka 1901 homa ikatoweka Havana. Baadaye alifanya hivyo hivyo Panama, ambako Wafaransa walikuwa wameshindwa kuchimba mfereji baada ya kuzika maelfu kwa maelfu. Meli zikapita mwaka 1914. Lakini Havana hiyo hiyo, Agosti 1901, muuguzi Clara Maass, mwanamke wa miaka 25, alijitolea kuumwa na mbu katika majaribio mengine akafa, na kelele zilizopigwa zikayakomesha majaribio ya namna hiyo mjini humo.

Sasa utaniuliza, msikilizaji, barua hizi ziliokokaje? Jibu ni daktari mwingine, Philip Hench, bingwa wa maradhi ya viungo, ambaye mwaka 1950 alipata tuzo ya Nobel kwa kazi ya dawa iitwayo kotisoni. Mwaka 1937 aliwaandikia Moran na Kissinger kuwauliza mambo machache kuhusu Lazear, ambaye chuo chake cha zamani kilitaka kumwekea jengo la kumbukumbu. Swali moja likazaa lingine. Kwa zaidi ya miaka 25 Hench aliandika barua kwa wazee, kwa wajane, kwa mabinti, akiomba picha, shajara, bahasha zilizotupwa darini. Kumbukumbu zao hazikuafikiana kila mara, na yeye akawa kama kadhi anayesikiliza mashahidi waliozeeka: nani aliumwa kwanza, nani alisema nini, kambi ilikuwa wapi. Mwaka 1940 alikwenda Cuba kuitafuta mwenyewe, akakuta kile kibanda cha mashuka bado kimesimama katika shamba la mtu. Mwaka 1952 serikali ya Cuba ilikifanya mahali pa kumbukumbu. Hench alikusudia kuandika kitabu kitakachomaliza ubishi wote. Alifariki mwaka 1965 bila kukiandika, na mjane wake akayakabidhi makaratasi kwa chuo alichosoma Reed. Huenda ni heri. Kitabu kingekuwa na sauti moja, masanduku yana sauti mia.

Hata hivyo, si zote. Mwaka 1929 Bunge la Marekani lilitoa medali za dhahabu na pensheni kwa waliojitoa katika majaribio yale. Orodha ina majina 22. Benigno hayumo, wala Mspanyola yeyote kati ya walioumwa na kuugua. Katika masanduku ya Hench tunazo barua za Kissinger na Moran wakiwa wazee. Benigno anabaki na mkataba ule, na majina ya baba yake na mama yake.

Na hapa ndipo kisa kinapohamia kwetu Afrika. Katika miaka ya 1920, taasisi ya Rockefeller ilileta madaktari Afrika ya Magharibi kutafuta kijidudu chenyewe, kwani kujua kwamba mbu anakileta si kujua ni kitu gani. Mwishoni mwa Juni 1927, katika kijiji cha Kpeve, Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana, daktari Alexander Mahaffy alichukua damu ya mtu mwenye homa. Mtu huyo alikuwa na miaka 28, jina lake Asibi. Damu yake ikadungwa tumbili aliyeletwa kutoka Asia, kwani tumbili wa Afrika wameuzoea ugonjwa huu na aghalabu hawafi nao. Tumbili akafa. Asibi akapona.

Kazi hiyo iliwagharimu wataalamu wenyewe. Adrian Stokes aliambukizwa akafa Lagos mwezi Septemba 1927. Mjapani Hideyo Noguchi, aliyekuwa ameshikilia kwa miaka kwamba ugonjwa huu unatokana na bakteria, alikuja Accra kuthibitisha, akaugua akafa huko mwezi Mei 1928. Na daktari William Young aliyeupasua mwili wake akafa siku chache baadaye. Lakini virusi kutoka damu ya Asibi havikufa. Vilipitishwa kutoka tumbili hadi tumbili, kisha New York Max Theiler na wenzake wakavikuza katika tishu za panya na za vifaranga mara kwa mara mpaka makali yakaisha. Mwaka 1937 ikapatikana chanjo iitwayo 17D, na mwaka 1951 Theiler akapewa Nobel. Chanjo inayotumika leo duniani kote imetokana na mbegu hiyo. Kwa maneno mengine, kila aliyechanjwa kwa haki, awe balozi au dereva wa lori, ana mkononi kitu kilichoanzia kwa mwanakijiji wa Kpeve. Tunachokijua kuhusu Asibi kimeandikwa na wengine: umri, kijiji, homa, tarehe.

Mahaffy yeye alihamia huku kwetu. Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, naye akawa mkuu wake. Sababu ilikuwa ndege. Safari za angani zilikuwa zimeanza kuunganisha Afrika na India, nchi yenye mbu hawa tele na watu wasiopata kuugua, na Waingereza walilala macho wakiwaza mbu mmoja ndani ya ndege. Watafiti wakachukua damu za watu wa Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, wakakuta wengi wana kinga: ugonjwa ulikuwapo siku zote, bila kelele. Wakagundua njia yake. Tumbili huambukizana juu ya miti kupitia mbu wa msituni. Tumbili hushuka kuiba ndizi. Mbu wengine, wanaozaliana katika maji yanayotuama kwenye makuti ya mgomba, humnyonya tumbili mwizi, kisha wakamnyonya mkulima. Ili kuyajua haya yote, Waafrika waliokuwa wasaidizi wa watafiti walipanda kwenye majukwaa yaliyofungwa juu ya miti, wakakaa mchana na usiku wakiwakamata mbu waliotua juu ya miili yao wenyewe. Katika msitu wa Zika, mwaka 1947, tumbili wa taasisi hiyo aliyewekwa ndani ya kizimba alitoa virusi vingine, ambavyo jina la msitu huo limekuja kuvifanya maarufu duniani.

Nani alikuwa juu ya majukwaa yale? Walikuwa na wake, walikuwa na mama zao. Kama yuko msikilizaji ambaye babu yake alikuwa akipanda miti ya Bwamba au ya Zika kwa mshahara wa serikali, na kama kuna barua au kitambulisho kwenye sanduku la bati, asikichome. Hench alianza na barua mbili tu.

Ugonjwa wenyewe haujawa hadithi. Ethiopia, kati ya 1960 na 1962, hukadiriwa kwamba uliua watu 30,000. Kenya, mwaka 1992 na 1993, ulizuka katika Bonde la Kerio. Mwaka 2016 ulitoka Angola ukaingia Kongo, chanjo ikapungua duniani hata mjini Kinshasa dozi moja ikabidi igawanywe kwa watu watano. Mwaka huo huo ilikubaliwa kwamba aliyechanjwa mara moja amechanjwa maisha yake yote, hana haja ya kurudia kila miaka kumi kama zamani.

Nirudi kwenye benchi. Kuelekea saa nane mchana tulikuwa saba. Wawili walichoka wakatoka, na sikuuliza kama wamekwenda nyumbani au kwa kijana wa bahasha. Baadaye wakaja mabaharia watatu wakicheka, kisha mama mmoja akiwa na binti yake. Tukawa kumi. Mhudumu alifungua jokofu, akatoa kichupa chenye unga kidogo, akatia maji yake, akakitikisa taratibu dhidi ya mwanga wa dirisha. Akaniita mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa nimekaa tangu asubuhi. Nikakunja mkono wa shati.